Lipime Gari Likiwa Limekaa

Gari jekundu la viti viwili linalokwaruza kila likipita kwenye tuta halina ubovu wowote, wala halijalemewa na mtu. Hayo yalisemwa Jumamosi asubuhi na mmiliki wa karakana ya magurudumu ambaye wateja wake humwita Mama Balansi, baada ya kuliinua gari hilo, kulishusha, kulipakia watu na kulipitisha kwenye tuta la lango lake mara kadhaa. Mwenye gari ni fundi cherehani. Barua yake ilifika hapa wiki iliyopita, ikiuliza anunue matairi ya namba gani. Naichapa kama alivyoiandika, ila nimeondoa jina lake na la mtaa wake. Jibu langu linafuata.

*

Mshauri wetu mpendwa,

Nakuomba unishike mkono kabla sijateleza, maana nimefika mahali sijui nikanyage wapi, mimi ni fundi cherehani wa miaka mingi, nashona suti na magauni, duka langu lina mashine tatu na kioo kirefu, na watu wananiamini kwa vipimo kiasi kwamba wengine hawaji hata kujaribisha nguo, wanatuma tu mtu aichukue, kwa hiyo ninapokuambia kwamba nimekwama kwenye kipimo ujue kwamba si jambo dogo.

Kitinda mimba wetu alipopata kazi mji mwingine akaondoka, mimi na mama watoto tulibaki wawili kwenye nyumba ya vyumba vinne, tukawa tunaitana kutoka chumba hadi chumba kama watu waliopoteana sokoni, na lile basi dogo tulilokuwa tunabebea watoto likawa halina wa kubeba, basi tukaliuza tukaenda kutafuta gari lingine. Mimi nilikuwa na gari langu kichwani, la milango minne, la kijivu, la mtu mzima. Mama watoto akalipita lile la kijivu kama hakuliona, akaenda kusimama mbele ya kijigari chekundu cha michezo kilichoinama kama paka anayetaka kuruka, akasema, "Viti viwili, watu wawili, hesabu imekwisha." Muuzaji akacheka, mimi nikacheka, yeye hakucheka, alikuwa ameshafungua mlango.

Mshauri, sijawahi kufurahi namna ile tangu nilipomuoa. Yeye ni mkunga, kutwa nzima kazini anawaambia watu wasukume, na siku ile tunarudi nyumbani kila kona ananiambia, "Kanyaga, fundi! Kanyaga!" mpaka nikaogopa mimi mwenye usukani. Tukajiwekea desturi, kila Jumapili asubuhi tunazunguka kile kilima kwa barabara mpya, tunakunywa chai kwenye kituo cha mafuta kule juu, tunarudi, na nikuambie ukweli, tunaongea mle garini kuliko tunavyoongea nyumbani, maana nyumbani kuna redio na majirani na simu za watoto, lakini mle ndani ni mimi na yeye na chupa ya chai katikati ya miguu yake.

Sasa tatizo lilianza kwa nia njema. Siku ya kuadhimisha ndoa yetu ilikuwa inakaribia nikataka kumshangaza, nikaona yale magurudumu ya kiwandani ni madogo, yamekaa kama viatu vya mtoto kwenye miguu ya mtu mzima, nikaenda kwa muuza rimu mmoja wanayemwita Bosi Rimu, naye akaniambia nikapime nafasi iliyopo kati ya tairi na madigadi, lile bati linalolifunika kwa juu. Kupima ndiyo kazi yangu. Nikalipiga gari jeki uani kwangu, nikachukua tepu, nikaingiza mkono, mkono mzima ukapita na tepu yake. Nikasoma maandishi ya tairi, yanasema 215/45R17, na namba mimi nazijua, 215 ni upana, 17 ni inchi za rimu, na hiyo 45 katikati ni urefu, kwa hiyo nikapiga hesabu zangu: upana nitaongeza mpaka 235, rimu nitapandisha mpaka 18, lakini 45 nitaiacha vilevile ili tairi lisikue, kama vile unavyompanulia mtu kiuno cha suruali bila kugusa urefu wake. Nikamwambia Bosi Rimu anitafutie 235/45R18 kwenye rimu pana zilizotoka nje kidogo, akasema, "Mzee, wewe ni injinia uliyepotelea kwenye vitambaa," nami kwa ujinga wangu nikavimba kichwa.

Yalipofungwa niliendesha peke yangu hadi nyumbani, gari kimya, limesimama kifua mbele, mtaa mzima ukatoka nje. Mama watoto alitoka na unga mikononi, akapiga kigelegele, akalizunguka mara mbili, akasema, "Sasa hili si gari tena, hii ni sherehe." Mimi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote duniani.

Jumapili tukatoka. Kwenye tuta la kwanza nikasikia krrr chini ya kiti chake. Tuta la pili, krrr. Mimi ni mtu wa utani, hata dukani wateja wananijua, nikamwambia, "Mama watoto, gari linalia, ile sahani ya pili ya jana imeonekana." Akacheka, tena kwa sauti. Tuta la tatu nikapapasa dashibodi nikasema, "Pole gari langu, vumilia, tunakaribia kufika." Akacheka tena, ingawa nikikumbuka vizuri kicheko cha pili kilikuwa kifupi.

Jumapili iliyofuata akasema kichwa kinamuuma. Nyingine akasema kuna wageni watakuja, hawakuja. Nyingine nikamkuta anafua mapazia ambayo alikuwa ameyafua wiki ileile. Siku hizi nazunguka kilima peke yangu, nakunywa chai peke yangu, na polisi wa pale kwenye makutano ananiuliza, "Mzee, mwenzako yuko wapi leo?" Na ajabu ni hii, nikiwa peke yangu gari halikwaruzi hata kidogo, ni kimya kama limelala, kwa hiyo naona gari ni zima, kilichochoka ni kitu kingine. Nyumbani ni mwema kwangu kama zamani, ila anakula kama ndege, sahani anaisukuma ikiwa nusu, na kazini anakwenda kwa miguu asubuhi na mapema wakati zamani alikuwa akinisumbua nimpeleke. Nimemuuliza kama anaumwa, anasema hapana. Naogopa kwamba amelichoka gari, au amenichoka mimi.

Binti yetu amenipigia simu akasema, "Baba, liuzeni tu hilo gari, mama hapandi tena," na mnunuzi yupo, kijana mmoja daktari wa meno, ameshakuja mara mbili kulitazama na atarudi mwisho wa mwezi kutaka jibu. Bosi Rimu kwa upande wake anasema nisiuze, niweke inchi kumi na tisa na ninyanyue springi, ndipo gari litakuwa na heshima na mama atapanda mwenyewe bila kuitwa.

Mshauri, nichague kumi na nane au kumi na tisa? Au niuze? Viti viwili akakaa mtu mmoja, ni bora niendeshe pikipiki. Nijibu haraka tafadhali.

Ni mimi, Fundi wa Sindano

*

Fundi wa Sindano,

Usiuze gari. Usinunue kumi na tisa. Na usimsikilize Bosi Rimu mpaka utakapomaliza kusoma hapa.

Kwa faida ya wasomaji wengine nieleze tulichofanya, maana wewe ulikuwepo. Nilikupigia simu, nikakuomba ulilete gari kwa Mama Balansi, nami nikaja. Sipendi kutoa ushauri juu ya kitu ambacho sijakiona, na barua yako ilikuwa na jambo moja lililonisumbua: gari linalokwaruza likiwa na watu wawili na kunyamaza likiwa na mmoja haliugui. Linabanwa.

Mama Balansi alilizunguka gari huku mikono ameifunga nyuma. Akauliza, "Mzee, vipimo ulivichukulia wapi?"

"Nyumbani kwangu, uani."

"Sijauliza mtaa. Gari lilikuwa chini au juu?"

"Juu ya jeki."

"Juu ya jeki!" Akawageukia mafundi wake. "Jamani, njooni mumsikie. Gari lilikuwa linaning'inia kama shati kwenye kamba, naye analipima." Kisha akakugeukia wewe. "Mzee wangu, nikija dukani kwako unishonee suruali, utanipima nikiwa nimening'inia mlangoni?"

"Utasimama," ukasema.

"Nikishasimama umemaliza?"

"Hapana. Nitakuambia ukae."

"Nikae kwa nini?"

"Kwa sababu," ukasema polepole, "suruali inayomkaa mtu akiwa amesimama inaweza kumpasukia akikaa."

Mafundi walicheka mpaka mmoja akaangusha spana. Wewe mwenyewe ulicheka, na hilo nakupa heshima. Gari likiwa juu ya jeki, gurudumu huning'inia mwisho wa springi na nafasi inaonekana kubwa. Likishushwa, springi hubonyea na nafasi hupungua. Akikaa mtu, hupungua tena. Likipita kwenye tuta likiwa na watu, inaweza kwisha kabisa. Ndiyo maana wewe ukiwa peke yako husikii kitu: una mwili wa jina ulilotia sahihi kwenye barua yako.

Kisha Mama Balansi akanitazama mimi. "Wewe mwenye kalamu, ingia kile kiti cha pili."

Niliingia. Nina kilo hamsini na nane nikiwa na viatu, na asubuhi ile nilikuwa sijala kitu. Ukaendesha taratibu mpaka langoni, ukapanda tuta, na chini ya kiti changu gari likasema krrr. Ukasimama katikati ya njia. "Ndiyo hiyo!" ukapiga kelele. "Ndiyo sauti yenyewe!" Tukarudia, krrr ikarudia. Mama Balansi akamulika tochi ndani ya madigadi ya nyuma, akatuonyesha mstari mweusi unaong'aa mahali ambapo mpira umekuwa ukisugua bati. Krrr hiyo umeisikia mwenyewe, na mkeo hakuwa mle ndani. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Kwanza tumalize matairi.

Namba mbili ulizisoma sawa, moja ukaisoma vibaya, na hiyo moja ndiyo iliyokuponza. Ile 45 si urefu. Ni asilimia. Inasema kwamba kimo cha ubavu wa tairi, kutoka ukingo wa rimu hadi barabarani, ni asilimia arobaini na tano ya upana wa tairi. Ukiongeza upana, ubavu nao unakua, hata kama 45 umeiacha pale pale. Tairi lako la zamani lilikuwa na ubavu wa karibu milimita 97. Hili jipya lina karibu 106. Ubavu upo juu na upo chini, kwa hiyo unahesabu mara mbili, kisha unajumlisha na rimu, ambayo nayo umeipandisha inchi nzima. Gurudumu zima lilikuwa na kimo cha kama milimita 625. Sasa lina kama 669. Ulidhani umempanulia mteja kiuno. Umemrefushia na suruali, halafu ukamtuma apite mlango uleule.

Mafundi wengi hukubali gurudumu zima liongezeke au lipungue kwa asilimia tatu hivi ya lile la kiwandani. Wewe umezidisha karibu saba. Madhara yake si krrr tu. Mshale wa spidi unahesabu mizunguko ya gurudumu, na gurudumu likiwa kubwa unasafiri zaidi kwa kila mzunguko, kwa hiyo mshale ukionyesha mia, wewe unakwenda kama mia na saba. Yule polisi wa makutano anayekuulizia mwenzako, siku moja atakuulizia leseni. Tena rimu zako zimetoka nje kwa milimita kumi na tano kuliko za awali, na ndiyo maana tairi linakutana na ukingo wa madigadi badala ya kupita kwa ndani. Mpira ukiendelea kusugua bati utakatika ubavuni, na tairi lililokatika ubavuni halimwambii mtu litapasuka lini. Kwa hiyo kuanzia leo hata wewe peke yako usizunguke kilima. Magurudumu ya zamani unayo, uliniambia karakanani kwamba yako stoo. Yarudishe leo mchana, ndipo utembee kwa amani mpaka tutakapofika kwenye hayo mengine.

Inchi kumi na tisa na springi za kunyanyua ni ushauri wa mtu anayeuza inchi kumi na tisa na springi za kunyanyua. Gari la michezo limetengenezwa liwe chini. Ukilinyanyua unaliondolea kile kilichomfanya mkeo alipite lile la kijivu. Ukitaka rimu kubwa kidogo kwa uzuri, na mimi sikukatazi, uzuri nao una nafasi yake, basi kanuni ni hii: rimu ikipanda, ubavu wa tairi ushuke, ili gurudumu zima libaki karibu na kimo chake. Kwa gari lako Mama Balansi anasema 225/40R18. Nimepiga hesabu mwenyewe kabla ya kuandika: inatoa kama milimita 637, yaani zaidi ya la kiwandani kwa asilimia mbili hivi. Rimu iwe na upana unaolifaa tairi hilo na iingie ndani kama ya kiwandani ilivyoingia. Tundu la katikati likae sawasawa kwenye kitovu cha gurudumu, lisipwaye. Ile namba ya uzito na herufi ya mwendo zinazoandikwa mwishoni kwenye ubavu wa tairi zisiwe chini ya zile zilizokuja na gari. Na kabla hujanunua, rimu moja na tairi lake vifungwe nyuma kwa majaribio, gari liwe chini, watu wawili wawe wamekaa, lipitishwe kwenye tuta. Kisha vihamishiwe mbele, usukani ukatwe mpaka mwisho kulia na kushoto. Kukiwa na krrr, hata ndogo, hununui. Muuzaji asiyekubali majaribio hayo, mshukuru kwa muda wake.

Matairi yameisha. Sasa tuje kwa mkeo, ambaye ndiye uliyeniandikia habari zake bila kujua.

Fundi, wewe ni mtu mwema na unampenda. Kila mstari wa barua yako unasema hivyo. Lakini barua hiyohiyo ina maneno mawili uliyoyatupa njiani kama maganda, nami nimeyaokota. Ulimwambia mkeo kwamba gari linalia kwa sababu ya sahani yake ya pili. Kisha, asije akadhani alisikia vibaya, ukalipa gari pole.

Soma tena ulivyoandika baada ya hapo. Hapandi gari. Anakula nusu sahani. Anakwenda kazini kwa miguu asubuhi na mapema. Ukaniuliza kama amekuchoka! Mtu aliyekuchoka hafui mapazia masafi ili asikuambie kwamba umemuumiza. Mkeo anapungua, fundi. Anapungua kwa siri ili arudi kwenye kiti chake bila gari kumlilia. Na wewe mwenye tepu shingoni, unayemwona mteja akiongezeka nusu inchi kabla hajafunga mlango, umemtazama mama wa watoto wako akisukuma sahani, ukadhani ni malaria.

Utasema alicheka. Ndiyo, alicheka. Ulitaka alie, mwendo ule, na chupa ya chai miguuni? Ulimi hauna mfupa, na wako umezoea wateja wanaocheka wakaenda zao. Yeye hana pa kwenda zake. Anaishi na wewe.

Pale karakanani sikusema haya kwa sababu mafundi walikuwa wengi, na Mama Balansi akishajua jambo huwa linajua njia ya kufika sokoni. Hapa utayasoma faraghani, wewe na nusu ya mji, lakini jina lako nimeliondoa.

Habari njema ni kwamba kosa lako limepimika, na mengi ninayoletewa hapa hayapimiki. Nilikaa kwenye kile kiti na kilo zangu hamsini na nane, nikapata krrr ileile. Gari lilikuwa limebanwa na hesabu zako tangu dakika ile uliposhusha jeki. Yeyote angekaa pale lingekwaruza, awe mnene, awe mwembamba, awe mwanahabari mwenye njaa. Mkeo alisingiziwa kosa la tairi.

Basi utamwambia. Leo jioni, akishatoka kazini, kabla ya chakula na si baada yake. Usianze na matairi, utapotelea kwenye milimita na yeye atakwenda kulala. Anza hivi: "Nilikosea vipimo, gari likakwaruza, nikakutania wewe kwa kosa langu. Nisamehe." Ukishafika hapo nyamaza. Usiongeze utani. Najua utakuwepo mdomoni, umeze. Usimwambie "kumbe hata si wewe," maana atauliza ni lini uliamini kuwa ni yeye. Usimwambie kwamba amependeza alivyopungua. Usimletee kitambaa cha gauni ukajifanya unataka kumpima. Akikasirika, mwache akasirike. Ana wiki kadhaa za kukasirikia na hajatumia hata moja. Akicheka, sikiliza kicheko ni kirefu au kifupi. Sasa unajua tofauti yake.

Kisha mpakulie chakula wewe mwenyewe, sahani ya kwanza na ya pili, na wewe ule ya pili naye, hata kama itakushinda.

Yule daktari wa meno mpigie simu kesho asubuhi umwambie gari haliuzwi. Usisubiri mwisho wa mwezi; kijana anahangaika bure, na binti yako atalala vizuri akisikia. Bosi Rimu mrudishie mzigo wake kwa upole. Mama Balansi anasema rimu hazijaguswa na jiwe, matairi yana mstari wa kusugua upande mmoja tu, mtajadiliana. Akigoma, nipigie, nitamuuliza kupitia gazeti hili kwa nini alimwita mteja injinia.

Ukinitafuta baada ya hapo uniulize rangi, sitajibu. Alama ya rimu, idadi ya spoki zake, nyeusi au ya fedha, hayo hayamhusu mshauri wala fundi cherehani. Alilichagua gari yeye na akalichagua vizuri. Ulipotaka kumshangaza ulimnyima kazi anayoiweza kuliko wewe. Kazi yako wewe ni kupima, na safari hii utapima gari likiwa limekaa.

Nimezungumza na Mama Balansi leo asubuhi. Amewatengea nafasi Ijumaa, saa tisa alasiri, mkeo akishatoka zamu. Ataleta rimu za aina nne, zote za inchi kumi na nane, zote zinazopokea 225/40, ili yoyote itakayochaguliwa iweze kufungwa. Uzito wa majaribio ukihitajika nitakaa mimi, na safari hii nitakuwa nimekula. Ameniuliza zipi aziweke mbele, nyeusi au za fedha. Nimemjibu azipange zote ukutani, angoje saa tisa.